Aliyeshindwa Ndiye Apige Gitaa

Thuranira alikuwa na sauti nzuri, na akili ya mtu anayeambiwa kila siku kwamba ana sauti nzuri. Mutwiri, binamu yake, alikuwa na vidole vyepesi na hakuwa na kitu kingine. Hao wawili ndio waliokuwa bendi. Mimi niliitikia nyimbo na kugonga karing'aring'a, ile chuma ya mviringo ambayo bila yake ngoma ya mwomboko haichezeki, lakini mtu akiwauliza bendi yao ina watu wangapi, Thuranira alisema, "Wawili." Halafu akikumbuka aliongeza, "Na mzee wa kodiani." Mimi hata akikumbuka hakunikumbuka.

Sote watatu tulitoka upande wa Meru, na tulikuwa tukifanyia mazoezi kwenye chumba cha nyuma cha hoteli ya Shariff, hapo Nyeri mjini. Shariff alitupa chumba bure ili Jumapili tuwapigie wateja wake wakinywa chai. Siku zingine mimi nilifanya kazi jikoni kwake. Ukuta kati ya jiko na kile chumba ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hivyo nikikaanga mandazi nilisikia kila kitu kilichosemwa upande ule. Kwa miaka mitatu sikusikia neno la maana, lakini nilisikia kila kitu.

Kilichonikalisha miaka mitatu na watu hao ni kimoja. Nilitaka sauti yangu iingie kwenye sahani ya santuri. Mara moja tu, wimbo mmoja tu, halafu nirudi kwa mandazi kama ni lazima. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaambiwa inatosha, na sikuwa na njia nyingine ya kujulikana na mtu asiyeniona.

Sasa, mwezi wa nne mwaka wa themanini na moja, mvua ikiwa imeanza, Thuranira akaja na kisanduku. Mjomba wake alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja huko Mweiga. Huyo Mzungu alipouza ng'ombe zake na kurudi kwao, alimwachia mpishi blanketi mbili, sufuria, na hicho kisanduku cha gemu. Mpishi hakukijua ni cha nini. Thuranira alikijua, kwa bahati mbaya yetu.

Kilikuwa na vishikio viwili vya kuzungusha, kimoja kila upande, na waya wa kuchomeka nyuma ya televisheni. Shariff alikuwa na televisheni ya zamani, ile ya picha nyeusi na nyeupe, na hakuna aliyeitazama mchana. Wakaichukua. Wakatia mawe sita ndani ya kisanduku, yale mawe manene ya redio, na kwenye kioo ikatokea mistari miwili mifupi na nukta. Nukta inakwenda upande huu, unaikinga na mstari wako, inalia *tii*, inarudi upande ule. Ukiikosa, mwenzako anapata pointi. Hiyo ndiyo gemu yote. Watu wazima wawili, mmoja ana ndevu, walikaa mbele ya nukta kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita.

"Hii si mchezo, Kaari," Thuranira aliniambia nilipoingia na birika. "Hii ni kompyuta. Inasomesha vidole."

"Inasomesha vidole nini?"

"Haraka! Ona Mutwiri. Mkono yake imekuwa kama cherehani."

Mutwiri hakugeuka. Ulimi ulikuwa umemtoka kidogo pembeni ya mdomo.

Walitunga sheria yao wenyewe. Kila anayefikisha pointi kumi na tano ameshinda, na aliyeshindwa aende kwenye kona akapige gitaa mpaka mwenzake achoke kucheza peke yake. Sheria hiyo niliisikia kupitia mbao nikaacha kukanda unga. Yaani kupiga gitaa, kazi waliyosema Mungu amewaitia, sasa ndiyo ilikuwa adhabu. Na kwa kuwa Thuranira ndiye aliyeshinda mara nyingi, alikaa wiki mbili bila kugusa gitaa yake. Mutwiri alifanya mazoezi kila siku, akinung'unika, kama mtu aliyefungwa.

Mzee Ngatia alikuja Jumamosi kutoka Endarasha, kama kawaida yake, kodiani ikiwa ndani ya gunia safi. Alikuwa ametimiza miaka sitini na kidogo, mpole, mwenye kofia. Wimbo wetu mkubwa ulikuwa wake, aliutunga mwenyewe. Unahusu ng'ombe aliyeuzwa Mweiga akatoroka, akatembea peke yake mpaka nyumbani Endarasha, akasimama langoni akingoja afunguliwe. Watu wakiusikia wanacheka, halafu wananyamaza.

Zamani, kabla ya kisanduku, kila Jumamosi gitaa zilipimwa na kodiani. Ni lazima iwe hivyo. Waya wa gitaa unaukaza au unaulegeza, lakini kodiani sauti zake zimetengenezwa kiwandani na hazisogei. Anayeweza kusogea ndiye anamfuata asiyeweza. Hata mtoto wa kanisani anajua hivyo.

Lakini siku hiyo mzee alikuta gitaa zimeshapimwa.

"Mmepima na nini?" akauliza.

"Na hii." Thuranira alizungusha kishikio, nukta ikagonga mstari. *Tii.* "Umesikia hiyo? Waya wa kwanza. Hatutangoja Jumamosi tena, mzee. Siku yoyote tunapima."

Mzee Ngatia alibonyeza kodiani. Sauti yake ikawa chini kidogo ya ile ya gemu. Kidogo tu, lakini ukiisikia jino linakuuma.

"Hazikubaliani," mzee akasema.

"Basi ni kodiani yako imezeeka. Hii ni kompyuta, mzee. Kompyuta haidanganyi."

Tukapiga hivyo hivyo. Ilikuwa kama watu wawili wanaobeba meza, mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Jumatatu, jikoni, nilianza kusikiliza ile *tii* vizuri, maana sikuwa na namna ya kutoisikiliza. Na nikaona jambo. Ilikuwa inashuka. Si kwa siku moja, huwezi kusikia kwa siku moja. Mimi nilikuwa na njia yangu. Kila asubuhi niliimba mstari wa kwanza wa wimbo wa ng'ombe kwa sauti ya kodiani, ile niliyokuwa nayo kichwani tangu miaka mitatu, halafu nikangoja *tii* ya kwanza ya siku. Jumatatu hiyo ilikuwa juu yangu. Kufikia Alhamisi ilikuwa inanikaribia. Mawe yalikuwa yanakwisha nguvu, na sauti inakwisha pamoja nayo, kama redio inavyofanya. Walipoona picha inafifia waliyatoa mawe na kuyaanika juani juu ya mabati, kama sisi sote tunavyofanya, yakapata pumzi kidogo, halafu yakashuka zaidi.

Na gitaa zilishuka nayo, kwa sababu zilipimwa nayo kila asubuhi.

Jumamosi ya pili ilitokea kitu ambacho sitakisahau. Mawe yalikuwa yameshuka mpaka pale hasa kodiani ilipo. Tukapiga wimbo wa ng'ombe, na kila kitu kikakubaliana, kikanyooka, hata wateja wakaja mlangoni na vikombe vyao. Tulipomaliza, Thuranira alimpiga mzee begani.

"Umeona sasa? Umefanya mazoezi wiki hii!"

Mzee Ngatia alimtazama. "Sijafanya kitu."

"Usikatae, mzee. Kazi nzuri ni kazi nzuri."

Jumamosi ya tatu gitaa zikawa chini ya kodiani, na Thuranira akamwambia mzee kwamba ameharibika tena. Akamwambia aipeleke kodiani kwa fundi. Na mzee, kwa ule upole wake ulionikasirisha, akaenda kweli. Aliibeba mpaka kwa fundi anayetengeneza vinanda vya kanisa. Fundi akaifungua, akaipiga, akaifunga, akamwambia haina ugonjwa. Mzee hakumwamini fundi. Alikaa jikoni kwangu akinywa chai, gunia miguuni, akaniuliza, "Mwanangu, labda ni masikio yangu?"

Hapo nikaenda kuwaambia. Niliingia, nikasimama kando ya televisheni.

"Hiyo sauti inashuka," nikasema. "Mawe yanakwisha. Gitaa zenu ziko chini."

Mutwiri: "Ondoka mbele ya taa."

Thuranira alicheka, macho kwenye nukta. "Kompyuta inashuka? Kompyuta ni kama mtu wa kushuka? Wewe ndio umepanda, Kaari. Unaimba kwa pua siku hizi."

"Mbona wimbo umekuwa mwepesi kwako? Zamani ukifika pale ng'ombe anapoona lango ulikuwa unakaza shingo."

"Ni kwa sababu sauti yangu imekomaa." Alisema hivyo bila aibu. "Uliacha shule darasa gani tena?"

"La saba."

"Basi. Mambo ya mitambo tuachie sisi."

Yeye aliacha la saba hilo hilo, akilirudia mara ya pili. Nikarudi kwa mandazi yangu.

Wiki hiyo Shariff akaleta habari. Kuna bwana wa studio kutoka Nairobi anayeitwa Muriithi, anazunguka Nyeri na Karatina akitafuta nyimbo za kuweka kwenye sahani. Atapita Jumamosi saa nne, anywe chai, asikilize wimbo mmoja. Mmoja. Akipenda atatuita studio, asipopenda ataendelea na safari yake.

"Msiniaibishe," Shariff alisema mlangoni. "Huyu bwana nimemwomba kwa mdomo wangu mwenyewe. Kaari, binti yangu, hawa wamefanya mazoezi?"

"Wamecheza, mzee," nikasema.

"Sikuuliza wamecheza. Nimeuliza mazoezi."

"Ndiyo nimejibu."

Usingizi ulinipotea siku mbili. Si kwa sababu yao. Nilikuwa nikifikiria kwamba huyo bwana hatarudi tena Nyeri mwaka huo, labda hata mwaka ujao, na kwamba sauti yangu ilikuwa imefungwa kamba moja na hizo gitaa mbili. Nikasema nitawaambia mara nyingine moja, na hiyo iwe ya mwisho.

Jumamosi asubuhi Thuranira alikuja amevaa shati la maua na amebeba mawe mapya sita, kwenye karatasi. Hakuwa ameyanunua kwa sababu nilimwambia. Aliyanunua ili mgeni aonyeshwe gemu ikiwa na picha kali. "Mtu wa Nairobi lazima tumpokee na kitu ya maana," alisema. Akayatia.

*Tii.*

Nilikuwa na trei mkononi, nikaiweka chini. Ile sauti ilikuwa imeruka juu, juu kuliko siku ya kwanza, kali kama kengele ya baiskeli.

Mutwiri akaanza kupima. Akakaza, akakaza. Mzee Ngatia, aliyekuwa amefika mapema, alitazama vile vidole vikizungusha ufunguo akavuta kiti chake nyuma kidogo. Waya mwembamba ukakatika.

"Hizi waya za siku hizi," Mutwiri akasema, akaweka mwingine.

"Mutwiri," nikasema, "pimeni na kodiani. Leo tu. Nawaomba."

Aliinua kichwa. Nafikiri kidogo alitaka kukubali, kwa sababu mkono wake ulisimama. Lakini Thuranira akasema, "Leo? Siku ya mgeni ndiyo tupimwe na mzee wa Endarasha? Ati tuonekane kama bendi ya harusi ya kijijini?"

"Ninyi ni bendi ya harusi ya kijijini," mzee Ngatia akasema polepole. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akijibu.

Wakacheka, Mutwiri akaendelea kukaza.

Bwana Muriithi alifika saa nne na nusu. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti la kijivu, na alitusalimia kama mtu anayesalimia foleni. Alikataa kuonyeshwa gemu. Thuranira aliizungusha hata hivyo, akamwelezea pointi, na bwana akatazama saa yake.

"Wimbo," akasema.

Tukaanza. Gitaa ziliingia kwanza, kali, zikilia kama mbuzi anayechinjwa. Halafu mzee akafungua kodiani, na ikaanguka katikati ya gitaa kama mtu aliyekosa ngazi. Bwana Muriithi alikunja uso. Thuranira akaanza kuimba, na ile sauti yake iliyokomaa ikaona kwamba wimbo haukuwa mahali alipouacha jana. Ulikuwa umehamia juu ya paa. Akaufuata. Alipofika kwenye lango la ng'ombe shingo ilimtoka mishipa, sauti ikapasuka, ikatoka kama ya kijana anayebalehe. Mutwiri akacheka. Hakuweza kujizuia, akacheka mbele ya mgeni, na waya wa pili ukakatika ukamchapa kidole.

Bwana Muriithi akainua mkono. Tukaacha kupiga.

"Hizi gitaa mmezipimia wapi?"

Macho ya Mutwiri yakaenda kwenye televisheni, nukta ikitembea peke yake kutoka ukuta mpaka ukuta. Bwana Muriithi akafuata macho yake.

"Kwa hiyo?"

"Ni kompyuta," Thuranira akasema. "Shida ni kodiani. Tumemwambia mzee mara nyingi, lakini unajua wazee."

Mzee Ngatia alianza kufunga mkanda wa kodiani, kidole kwa kidole, na nikaona anaamini. Anaamini kabisa kwamba ni yeye. Bwana Muriithi akachukua kofia yake mezani na kumshukuru Shariff kwa chai.

Nilikuwa nimewasubiri miaka mitatu. Nimesubiri wapime, wamalize, wanikumbuke. Nikaona mgongo wa lile koti la kijivu unageuka mlangoni, na nikajua kwamba nikisubiri tena nitasubiri mpaka kuzikwa. Nikafungua mdomo nikaimba.

Niliimba mstari wa kwanza, peke yangu, kwa sauti iliyokuwa kichwani mwangu kila asubuhi jikoni. Mstari wa pili nikagonga chuma. Mzee Ngatia alinitazama, mkanda mkononi. Akabonyeza kitufe kimoja tu, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Kikakubaliana na mimi. Hakikuwa juu, hakikuwa chini. Uso wake ulibadilika. Akafungua kodiani yote.

"We Kaari!" Thuranira akasema. "Nani amekuambia—"

"Nyamaza," bwana Muriithi akasema, bila kumgeukia.

Alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Ng'ombe alitoroka, akapita mashamba ya viazi, akapita watu waliomrushia mawe, akafika langoni. Pale penye kukaza shingo sikukaza. Palikuwa mahali pangu.

Tulipomaliza Shariff alikuwa akijifuta uso na kitambaa cha meza.

"Alhamisi," bwana Muriithi akamwambia mzee. "Wewe na kodiani, na huyu msichana na chuma yake. Mpaka saa tatu muwe mmefika." Akaandika mahali pa studio kwenye karatasi akanipa mimi, kwa sababu mikono ya mzee ilikuwa imejaa.

"Na sisi?" Mutwiri aliuliza.

"Gitaa ninazo Nairobi," bwana Muriithi akasema. "Zinapimwa."

Alipotoka, Thuranira alipiga teke kiti, akasema mtu wa Nairobi hajui muziki, akasema mimi ni nyoka, akasema mzee alifanya makusudi. Mzee Ngatia alikuwa akiingiza kodiani kwenye gunia. "Kwa hiyo si masikio yangu," akasema, si kwa mtu yeyote, akaenda zake Endarasha.

Jumapili hawakunisemesha. Jumatatu pia. Lakini Jumatano adhuhuri Thuranira aliniita kupitia mbao, kwa sauti tamu, akaniita dada, neno ambalo hakuwa amelitumia tangu tujuane.

Nikaingia nikisugua unga mikononi. Walikuwa wamekaa mahali pao. Mchezo ulikuwa umefika kumi na nne kwa kumi na tatu.

"Dada yangu," Thuranira alisema, macho kwenye kioo, "hiyo kesho, ukimwona huyo bwana..."

*Tii.*

"...ukimwona, umwambie kwamba sisi..."

Nitasema ukweli. Nilikuwa nimejiandaa kukubali. Usiku wote nilijiambia kwamba wakiniomba vizuri, nitamwomba bwana Muriithi awasikilize tena, gitaa zikiwa zimepimwa na kodiani. Mutwiri anajua kupiga, hilo siwezi kulikataa. Na sauti ya Thuranira ni nzuri, ikiwekwa mahali pake. Kwa hivyo nilisimama pale nikimngojea amalize. Kungoja ninakujua.

"Sisi nini?" nikamsaidia.

"Sisi tuko..." Nukta ikaja upande wake, haraka, ikagonga pembe ya juu. Akainama na kishikio kama mtu anayepindisha gari. "Ngoja kidogo. Ngoja, ngoja..."

*Tii. Tii.* Ikarudi kwa Mutwiri, ikaenda, ikarudi. Nikangoja. Unga ulikauka mikononi. Mwishowe nukta ikapita pembeni ya mstari wa Mutwiri, na Thuranira akaruka juu ya kiti akipiga makofi.

"Kumi na tano! Kona, bwana! Shika gitaa!"

Mutwiri akainuka akinung'unika. Thuranira alirudisha gemu mwanzo, akaanza kucheza peke yake dhidi ya ukuta, akitabasamu. Nilikuwa bado nimesimama kando yake. Aliniona baada ya muda, akashangaa kidogo, kama mtu anayekuta mwavuli wa mgeni nyumbani.

"Kaari," akasema. "Ulikuwa unataka nini?"

"Hakuna kitu," nikasema.

Alhamisi, kabla ya saa tatu, mzee Ngatia na mimi tulikuwa tumefika studio, Nairobi.